Pikipiki ya mizigo inakula fyuzi? Usinunue spea kabla hujapima



Leo siongelei picha za bidhaa wala namna ya kumjibu mteja anayeuliza "bei?" halafu anapotea. Naongelea pikipiki. Wengi wetu tunauza kwenye simu, lakini mzigo unamfikia mteja kwa magurudumu mawili. Na wengi wetu hatukuanza na pikipiki mpya. Tumenunua iliyotumika, imeshapita kwa watu wawili watatu, na kila mmoja ameacha waya wake humo ndani.

Injini ikichoka utajua tu. Inatoa moshi, inagonga, inakosa nguvu mlimani. Umeme ndio msumbufu. Asubuhi haina shida, mchana imekufa njiani, ukiifikisha kwa fundi inawaka vizuri kabisa na wewe unaonekana muongo. Hapo ndipo hela inapotea, kwa sababu kila mtu anakisia.

Mimi nauza vyombo vya jikoni, duka dogo tu Mbagala, na oda nyingi zinaingia kwa simu. Mizigo anapeleka kijana wangu mmoja kwa pikipiki ya Kichina ya cc 125, zile zilizofuata muundo wa Honda CG. Ina kiki na ina stata. Masika ilipoanza, nayo ikaanza vituko. Honi inakufa, indiketa zinakufa, stata haijibu. Kijana akifungua fyuzi anakuta imeungua. Anaweka nyingine, inakaa siku mbili. Mara nyingine haimalizi saa moja. Halafu kuna wakati injini yenyewe inakata moto kwenye kona, akipiga kiki inawaka kama hakuna kilichotokea.

Ikapelekwa kwa mafundi. Wa kwanza akasema betri imekufa, tukanunua mpya. Wa pili akasema rektifaya. Wa tatu akabadilisha swichi ya funguo. Kila mmoja alimaliza kazi, pikipiki ikawaka, tukashukuru, baada ya siku mbili tatu fyuzi ikaungua tena.

Hesabu yake ilikuwa hivi: betri 45,000, rektifaya 15,000, swichi 18,000, ufundi 5,000 mara tatu. Jumla 93,000. Mzigo mmoja unaniachia kama 3,000 nikishatoa kila kitu. Kwa hiyo ni mizigo 31 imefanya kazi bure. Bado sijahesabu wale wa "nalipa mzigo ukifika" ambao mzigo ulifika saa mbili usiku wakasema hawautaki tena.

Lililoniuma zaidi lilikuwa la kijana. Watu wakaanza kunishauri nimbadilishe. "Huyo anasingizia pikipiki, anabeba abiria wake pembeni." Na kweli, ukiangalia kwa nje inaonekana hivyo: mteja analalamika kachelewa, yeye anasema imezima, wewe unaiwasha inawaka. Angekuwa kwa mwingine angekuwa ameshafukuzwa. Mimi nikaona kabla ya kumhukumu mtu, tuihukumu kwanza pikipiki. Jumapili tukakaa nayo wawili nyuma ya duka. Sijasomea umeme popote, nimeishia kidato cha nne, ila nimekaa sana gereji kuangalia, na mita ya kupimia umeme ninayo. Mita ile ndogo ya kawaida bei yake ni chini ya betri moja. Kama una pikipiki ya kazi, inunue.

Sasa twende kwenye kazi.

Kwanza elewa kwamba umeme wa pikipiki za aina hii umegawanyika. Kuna moto wa plagi, kuna chaji, kuna matumizi. Ukizichanganya kichwani hutapata kitu.

Moto wa plagi kwenye nyingi za aina hii hautegemei betri. Ndani ya kava la injini kuna koili zilizotulia na sumaku inayozizunguka, mojawapo inalisha CDI, CDI inapeleka kwenye koili ya plagi, plagi inatoa cheche. Ndiyo maana fyuzi ikiungua, pikipiki bado inawaka kwa kiki. Kuna pikipiki nyingine ambazo CDI yake inakula umeme wa betri, hizo betri ikifa kabisa injini haiwaki hata upige kiki mpaka jioni. Ya kwako iko kundi gani? Zima kila kitu, chomoa fyuzi, piga kiki. Ikiwaka, moto wa plagi unajitegemea. Isikilize tu kidogo kisha zima, usiivute mafuta, na usiwashe taa wala indiketa ikiwa hivyo.

Chaji ni koili nyingine kwenye sumaku ileile, umeme unapita kwenye rektifaya, unarudi betri. Matumizi ni honi, indiketa, taa ya breki, kitufe cha stata. Hivi ndivyo vinavyopita kwenye fyuzi na swichi ya funguo.

Na taa kubwa ya mbele? Kwenye nyingi ya hizi inachukua umeme moja kwa moja kwenye sumaku, haipiti betri. Utaona ukivuta mafuta inang'aa, ukiachia inafifia. Kwa hiyo mtu akikwambia "mbona taa inawaka, betri ni nzima", mwache tu.

Kwetu sisi dalili zilikuwa mbili: matumizi yanakufa kwa sababu fyuzi inaungua, na mara chache injini inakata. Fyuzi haiungui kwa kuchoka. Inaungua kwa sababu kuna waya wa chanya unagusa chuma, au kuna kitu kinakula umeme kupita kiasi. Betri mpya haiwezi kutibu hilo. Swali la kumuuliza anayeendesha ni moja: inaungua wakati gani? Funguo ikiwa imezimwa? Ukiwasha tu? Ukibonyeza breki? Ukipiga honi? Ukikata kona? Kila jibu linakupeleka sehemu yake. Ikiungua funguo imezimwa, tatizo ni kabla ya swichi. Ikisubiri uwashe funguo, tatizo ni baada ya swichi. Ikiungua ukigusa breki tu, fuata waya wa taa ya nyuma, hasa pale unapopita chini ya madigadi.

Kijana akasema kona. Mafundi watatu na hakuna aliyemuuliza.

Shida ni kwamba ukiendelea kujaribu utaunguza fyuzi kumi. Hapa ndipo penye mbinu ninayoipenda kuliko zote, na gharama yake ni balbu moja. Chukua balbu ya taa ya breki, ya volti 12 wati 21. Funga waya mbili, moja kwenye kitako na moja ubavuni. Chomoa fyuzi, halafu hizo waya mbili ziweke pale pale kwenye midomo miwili ya fyuzi. Balbu sasa ndiyo fyuzi yako, ila haiungui. Kama kuna shoti, balbu inawaka kwa nguvu zake zote, na umeme unaopita hauzidi ampea 2 hivi, kwa hiyo waya haziungui. Kama hakuna shoti, balbu inabaki giza au inafifia sana. Ukibonyeza honi au breki itawaka kiasi, hiyo ni kawaida, usishtuke.

Tukaweka. Funguo imezimwa, balbu giza. Maana yake waya wa kutoka betri kwenda swichi uko salama. Tukawasha funguo, taa ya kijani ya frii ikawaka, balbu bado giza. Tukabonyeza kila kitu, sawa. Nikamwambia kijana ageuze usukani kushoto mpaka mwisho. Giza. Kulia mpaka mwisho.

Balbu ikawaka pwaa.

Akarudisha katikati, ikazima. Kulia, ikawaka. Akaniangalia akasema, "Kaka, si nilikwambia kona ya kulia?"

Baada ya hapo kazi ni ya macho. Tulifunga koki ya mafuta, tukachomoa mpira, tukatoa kiti na tanki tukaliweka mbali. Hapo hakuna sigara, na waya wa hasi wa betri unatoka kwanza kabla hujakata chochote. Nyuma ya shingo ya pikipiki, pale mkanda wa waya unapotoka kwenye taa ya mbele kuingia chini ya tanki, mtu alishawahi kufunga spotilaiti zake na kuubana mkanda kwa waya wa kufungia nondo. Mkanda haukuwa na nafasi ya kucheza. Kila usukani ukigeuka, waya zinasugua kwenye chuma. Tulipochana tepu ya zamani tukakuta waya mbili zimebaki uchi, shaba yake imeota ukijani.

Waya mmoja ni mweusi, mwingine mweusi wenye mstari mweupe. Kwenye mfumo wa Honda na ndugu zake wa Kichina, mwekundu ni chanya ya betri, mweusi ni chanya iliyokwisha kupita swichi ya funguo, kijani ni ethi, yaani upande wa hasi unaoungwa kwenye fremu. Mweusi wenye mstari mweupe ni waya wa kuzimia: ukigusa ethi, CDI inanyamaza na injini inakata. Kwa hiyo waya mweusi ukigusa chuma, fyuzi kwaheri. Wa mstari mweupe ukigusa chuma, injini inazima kwenye kona, usukani ukirudi inawaka. Dalili mbili, jeraha moja. Angalizo: rangi hizi si za kampuni zote, na kwenye pikipiki ya zamani mtu anaweza kuwa ameunga waya wa rangi yoyote aliyoikuta mezani. Rangi ikupe fununu, mita ndiyo ikupe jibu.

Na kwa nini kila spea mpya "ilitibu" siku mbili? Kwa sababu kufunga rektifaya au swichi unatoa kiti, unasukuma waya, mkanda unahama kidogo pale shingoni. Unapata nafuu. Barabara zikiutikisa siku mbili unarudi mahali pake. Sisemi mafundi wale walitudanganya. Waliona pikipiki imepona mikononi mwao, na mimi ningekuwa mahali pao ningeamini hivyo hivyo.

Kutengeneza kulichukua muda kuliko hela. Tukakata sehemu iliyokwisha, tukaunga waya mpya wa unene uleule, mrefu kidogo kuliko wa zamani, tukachomea kwa risasi, kila waya ukavikwa mpira wake peke yake, kisha tepu juu ya vyote. Usisokote tu waya kwa vidole ukazungushia tepu. Masika ijayo itakurudisha palepale. Mkanda tukaupitisha ukiwa na ulegevu, tukageuza usukani kulia na kushoto tukihakikisha hauvutiki wala haubanwi. Balbu ikarudi mahali pa fyuzi, usukani kulia, giza. Ndipo fyuzi ya kweli ikawekwa. Tepu, waya, fyuzi mbili, jumla 4,000.

Tulipokuwa tumeshaifungua tukapima na mengine, na hapa ndipo nataka usome polepole kama pikipiki yako haina shoti bali betri inakufa tu.

Mita iweke kwenye volti za DC, alama ya 20. Betri iliyopumzika usiku mzima ikiwa nzima na imejaa inasoma kama 12.6 mpaka 12.8. Ikisoma 12.0 iko karibu tupu, ijaze kwanza ndipo uihukumu. Washa injini, vuta mafuta kiasi, pima palepale kwenye betri. Ikipanda mpaka kati ya 13.5 na 14.8, chaji ipo na rektifaya haina kosa, usiiguse. Ikibaki ilivyokuwa au ikishuka, chaji hairudi. Ikipita 15, rektifaya haizuii, itachemsha maji ya betri na kuunguza balbu. Ona hapo: dakika tano za mita zingetuokolea 15,000 ya rektifaya, kwa sababu ya zamani niliyoitunza niliirudisha kuijaribu ikatoa 14.2.

Kama chaji haipandi, bado usikimbilie dukani. Fungua soketi ya rektifaya uiangalie. Kwenye pikipiki nyingi za zamani unakuta kipini kimoja kimeungua, plastiki imekuwa ya kahawia, kwa sababu hakikuwa kinakaza. Na ethi. Ethi mbovu inaiga ugonjwa wowote: indiketa zinawaka zote kwa pamoja, honi inakoroma, stata inafanya "ta" halafu kimya. Kuipima ni rahisi: ncha nyeusi ya mita iweke kwenye hasi ya betri, nyekundu kwenye chuma kitupu cha injini, mwambie mtu apige stata. Ikisoma 0.2 au chini, safi. Ikipita 0.5, umeme unakwama njiani. Fungua bolti ya ethi, sugua kwa msasa mpaka chuma king'ae, kaza, paka grisi kidogo juu. Hakuna spea hapo.

Betri inayokufa pikipiki ikiwa imelala ni habari nyingine. Siku hizi kila pikipiki ya kazi ina chaja ya simu kwenye usukani, na nyingi zimefungwa moja kwa moja kwenye betri. Toa waya wa hasi, weka mita katikati ya waya na betri kwa kipimo cha ampea, anza na tundu la ampea 10, funguo imezimwa, na usiguse stata kabisa maana mita itaungua. Pikipiki ya zamani isiyo na alamu inatakiwa kusoma karibu na sifuri. Ukiona 0.05 unaweza kuidharau, lakini kwa siku ni ampea-saa 1.2, na betri ya ampea-saa 7 inakwisha ndani ya siku sita. Hamisha chaja iende kwenye waya unaopita swichi, basi.

Injini ikikata na kugoma kabisa, cheche hakuna, kabla ya kununua CDI chomoa ule waya wa kuzimia pale kwenye CDI. Cheche ikirudi, CDI ni nzima, tatizo ni swichi au waya. Ila ujue funguo haitaizima tena mpaka uurudishe, kwa hiyo fanya ikiwa imesimama gereji, na plagi ya kujaribia iwe mbali na mafuta.

Kuna kitu ambacho sitakubali kukiona kwenye pikipiki yoyote inayobeba mzigo wangu: karatasi ya fedha ya sigara mahali pa fyuzi. Au waya mnene. Fyuzi ikizuiwa kuungua, kinachoungua ni mkanda wa waya, na mkanda unapita chini ya tanki la petroli. Weka fyuzi yenye namba ileile iliyoandikwa, 10 ni 10, 15 ni 15.

Sasa upande wetu wa biashara. Maduka mengi ya spea hayarudishi kifaa cha umeme kikishafungwa. Usiwalaumu, hata wewe hurudishi chombo mteja akishakipikia. Kwa hiyo ukishanunua kwa kukisia, hela imekwenda. Ndiyo maana siku hizi nakubaliana na fundi bei ya kutafuta tatizo peke yake, spea baadaye. Namwambia, "Fundi, nakulipa kwa kupima. Niambie umepima wapi na umepata ngapi." Fundi asiyelipwa kwa kutafuta atapata riziki yake kwenye spea, hilo ni jambo la kawaida kabisa. Akikutajia namba, 12.1 bila kupanda, au soketi imeungua, nunua kwa amani. Akisema "hizi huwa ni CDI", mshukuru, ondoka.

Na aliyekaa juu ya kile kiti kila siku msikilize. Mpe daftari dogo aandike: saa ngapi, mvua au jua, alikuwa anafanya nini ilipozima. Mistari mitatu ya hivyo inamsaidia fundi kuliko sauti ya injini.

Chini ya kiti cha pikipiki yetu sasa kuna mfuko wa nailoni wenye fyuzi mbili, tepu nyeusi, na ile balbu na waya zake. Fyuzi ya kwanza ikiungua njiani, kijana anaweka ya pili. Ya pili ikiungua hapohapo, haweki chochote, anapiga kiki anaiendesha polepole mpaka gereji ya karibu kama ni mchana, maana taa ya breki na indiketa hana. Kama giza limeingia anaiegesha. Ananipigia, nami nampigia mteja kabla mteja hajanipigia.